Kamba nyekundu kwanza, jaketi baadaye

Swali: "Assalaam alaykum kapteni. Nina miaka 24. Nimepewa boti ya faiba ya futi 23 yenye mashine ya nguvu za farasi 115, niendeshe baina ya Mokowe, Lamu na Manda, na siku nyingine nipeleke watu Faza na Kizingitini. Tajiri mwenye boti amenunua majaketi mapya ya kujiokolea na ameniambia na mimi nivae. Wenzangu wananicheka jetini, wanasema nahodha akivaa jaketi abiria wataingiwa na hofu, na mimi mtoto wa pwani nitaogelea tu. Kusema kweli jaketi lina joto na linanibana nikigeuka. Je, ni lazima? Pia ile kamba nyekundu ya kwenye swichi haipo, aliyekuwa na boti kabla yangu ameweka waya. Niache vivyo hivyo? Na helmeti ya bodaboda inafaa? Nimewaona wenye boti za mashindano wanavaa helmeti."

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Umeniuliza mambo matatu, nami naanza na hilo la waya, ulilolipitisha katikati kama jambo dogo. Utoe leo, urudishe kamba: ncha moja hufungwa kwa nahodha, na nyingine ina klipu inayoingia kwenye swichi; ukitupwa klipu inang'oka, mashine inazima. Hata jaketi liwe zuri kiasi gani, halitakufaa kitu ikiwa mashine inaendelea kuunguruma na wewe uko majini.

Wenzako wanaposema utaogelea, vichwani mwao wana picha ya jahazi. Jahazi likiingia maji, watu wanaona, wanachota maji na kuyamwaga nje, wanapiga kelele, na anayeruka anaruka kwa hiari yake akiwa na akili timamu. Boti yako haiendi hivyo. Ukiwa katika noti 30, yaani kilomita 55 na kidogo kwa saa, kila sekunde unakata mita 15. Hesabu moja, mbili: umeshapita urefu wa boti yako mara nne. Sasa weka hapo gogo linaloelea, fungu la mchanga ulilodhani bado lina maji, au wimbi lililoachwa na boti nyingine kwenye kona ya Mkanda (nasema mlango wa bahari, si mkanda wa kiunoni), pale mikoko inapobana na humwoni anayekuja mpaka mmekaribiana. Boti inapiga, inaruka upande, na wewe unabaki hewani. Mara nyingi nahodha ndiye anayetupwa, kwa sababu abiria wameketi wameshika ukingo, naye amesimama mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mkono wa moto, ule wa kuongeza na kupunguza kasi.

Kinachofuata baada ya hapo ndicho wasichokijua wengi. Mashine haijui kuwa umeanguka. Inaendelea na moto ule ule uliouacha, na kwa kuwa hakuna anayeshika usukani, nguvu ya propela inaisukuma mashine yenyewe ikae upande. Boti inaanza kuzunguka duara, na katikati ya duara hilo ndipo ulipo wewe. Inaondoka, inarudi. Mashine ya 115 ikiwa katika mizunguko 5,000 kwa dakika, gia yake huipunguza propela hadi kama nusu ya hapo, lakini propela ina mapanga matatu. Piga hesabu utaona kwamba panga linapita mahali pamoja zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Hapo kuogelea hakuna kazi. Huwezi kuikimbia, na ukizama chini hujui itakaporudi.

Hili si jambo la pwani yetu peke yake. Mwezi wa Mei mwaka 2013, huko Padstow, Cornwall, Uingereza, familia ya watu sita ilitupwa majini kutoka kwenye boti ya mpira ya urefu wa mita nane hivi, yenye mashine kubwa. Wote sita walitoka kwa pamoja. Boti ikabaki inazunguka yenyewe na kuwapitia juu. Baba na binti yake wa miaka minane walikufa, na wengine wakapata majeraha mabaya. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walikuta kwamba kamba ya kuzimia mashine ilikuwepo, ila haikuwa imefungwa kwa mtu aliyekuwa kwenye usukani. Nchini Marekani waliona hadithi ya namna hii ikijirudia hata wakaiweka katika sheria: tangu tarehe 1 Aprili 2021, anayeendesha boti iliyo chini ya futi 26, yenye mashine ya kuanzia nguvu za farasi 3, ni lazima awe ameunganishwa na kizimio anapokwenda kwa kasi. Boti yako ya futi 23 ingekuwa ndani ya sheria hiyo bila mjadala.

Sasa jinsi ya kuivaa, maana hapa nina la kwangu la kusimulia. Miaka hiyo nilikuwa naifunga kifundoni mwa mkono, kama saa. Siku moja ya upepo wa kusi, nikiwa peke yangu ndani ya Mkanda, nilipiga wimbi kwa ubavu, nikatoka. Mkono ulikuwa umelowa na una mafuta, kamba ikateleza ikapita vidoleni, swichi haikung'oka. Boti ilikwenda moja kwa moja ikaingia kwenye mikoko. Mikoko ndiyo iliyoizima mashine, mwanangu, si mimi. Ingekuwa bahari ya wazi nisingekuwa hapa nakuandikia. Tangu siku hiyo naivalisha pajani, juu kidogo ya goti, naizungusha na kuikamata yenyewe kwa klipu yake. Usiifunge kwenye tanzi la suruali wala kifungo cha shati, vitakatika kabla klipu haijatoka kwenye swichi. Kama jaketi lako lina pete imara iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, sawa, itumie.

Kila asubuhi, mashine ikiwa inaunguruma pole pole jetini, ivute. Ikizima, umepata kibali cha kuondoka. Isipozima, swichi imekufa, na hapo huna kizimio bali una pambo. Kamba zenyewe huliwa na jua: plastiki inakauka, ule mzunguko wa springi unalegea, waya wa ndani unakatika huku nje ukionekana mzima. Ikianza kupauka, badilisha.

Najua kwa nini yule bwana aliweka waya. Kamba humkera nahodha. Unageuka kumshika mtoto, inang'oka, mashine inazima, na abiria wanaguna. Mbaya zaidi, inaweza kuzima wakati unatoka nje ya Shela na mawimbi ya kusi yanavunjika mbele yako, na hapo boti isiyo na mashine itapigwa ubavu. Hoja hiyo ni ya kweli, siipuuzi. Lakini dawa yake ni kuendesha ukiwa umeketi au umesimama mahali pamoja, na kumwachia baharia wako kazi za kutembea ndani ya boti. Ukitaka kuinuka, rudisha mashine kwenye fri (gia isiyosukuma boti) kwanza. Zaidi ya hayo, klipu ikitoka kwa bahati mbaya, kuirudisha na kuwasha ni kazi ya sekunde chache kwa aliyezoea. Zoea.

Na hapa ndipo mahali ambapo hata manahodha wazuri husahau. Ukitupwa na kamba, umeondoka na klipu yake. Mashine imezima, vizuri, lakini waliobaki kwenye boti wataiwasha na nini waje wakuchukue? Mkondo unawapeleka huku, wewe unakwenda kule. Lazima kuwe na klipu ya pili ndani ya boti, mahali baharia anapopajua hata gizani, na awe amejaribu kuitumia walau mara moja.

Sasa jaketi. Kuogelea ni kazi ya mtu aliye macho. Aliyepigwa kichwa na ukingo wa boti, au aliyepigwa kifua na maji kwa kasi ya kilomita 55 kwa saa, haogelei, hata kama amezaliwa juu ya dau. Katika hesabu za walinzi wa pwani wa Marekani, mwaka hadi mwaka, zaidi ya asilimia 80 ya wanaozama katika ajali za boti ni watu ambao hawakuwa wamevaa jaketi. Wengi walikuwa nalo. Lilikuwa chini ya kiti, au limesukumwa omoni, mbele ya boti, pamoja na nanga na debe la mafuta. Huwezi kuvaa jaketi ukiwa hewani.

Lakini malalamiko yako ya joto na kubanwa nayaelewa, na sehemu kubwa ya kosa ni aina ya jaketi. Majaketi hupimwa kwa nyutoni, yaani nguvu ya kukusukuma juu majini, na namba hiyo imeandikwa ndani. Lile la 50 ni jepesi, halibani mikono, lakini limekusudiwa mtu anayeogelea na aliye macho. Halikugeuzi uso juu ukizimia. La 100 lina kola nyuma ya shingo na linafaa maji yaliyokingwa kama haya yetu ya ndani ya visiwa. La 150 ni la bahari ya nje, na limetengenezwa limgeuze hata aliyezimia. La 275 waachie wenye nguo nzito za baridi za kaskazini ya dunia.

Utaambiwa pia na watalii kuhusu yale membamba yanayojipuliza yenyewe yakigusa maji. Wenyewe wanayapenda, na kwa mtu wa jahazi la matanga ni mazuri. Kwa boti ya kasi mimi sikushauri. Ukianguka kwa noti 30 unataka kitu ambacho tayari kina unene wa povu kifuani, kinachokukinga mbavu vilevile, si mfuko utakaofumuka katikati ya kishindo. Watengenezaji wenyewe huonya yasitumiwe kwenye jetski na mchezo wa kuvutwa kwa kamba nyuma ya boti. Halafu kuna jambo la kwetu hasa: mengi yao huwashwa na kidonge kinachoyeyuka kwa maji, na wewe unapigwa na rasharasha kutwa nzima. Likifumuka mara moja linataka chupa mpya ya gesi na kidonge kipya. Nenda kavitafute Lamu mjini mwezi wa Julai uone.

Kwa hiyo kwako wewe: jaketi la povu la 100, lililokatwa mabegani, lenye zipu na klipu mbili au tatu za kubana tumboni, rangi ya chungwa au manjano. Mwambie tajiri akununulie la saizi yako. Anayesema jaketi linamzuia kugeuka mara nyingi amevaa lililo kubwa kupita mwili wake. Jaribio ni hili: livae, bana klipu zote, kisha mtu akushike mabegani pa jaketi akuvute juu. Likipanda mpaka kwenye masikio, ni kubwa, au hukulibana. Kisha ingia nalo kwenye maji ya kifua wakati maji yamejaa, inua miguu, legeza mwili, uone linakuweka vipi. Usingoje siku ya ajali ndiyo mjuane. Ndani yafaa shati jepesi la mikono mirefu, la kukauka haraka. Jua la saa saba halikuunguzi, na mikanda haikuchubui.

Kipenga kiwe kimefungwa kwa uzi kwenye jaketi. Sauti ya mtu majini haifiki mbali, na ukipiga kelele kutwa itakauka. Simu iweke kwenye mfuko usioingia maji, mwilini mwako, si kwenye kisanduku cha usukani. Na kama boti ina redio ya VHF, chaneli ya 16 ndiyo ya dhiki. Mfundishe baharia kuitumia, maana siku utakayotupwa wewe, atakayepiga ni yeye.

Kuhusu helmeti ya bodaboda, jibu ni hapana. Ile imetengenezwa kwa ajili ya barabara ya lami. Ukiingia majini kwa kasi, maji yanaingia kwa chini kama ndoo inayochota, na shingo ndiyo inayolipa. Sponji yake inalowa inakuwa mzigo, na masikio yameziba, humsikii abiria wala boti inayokuja. Helmeti za baharini zipo: ni nyepesi, zimeacha nafasi ya maji kupita, hazilowi. Waokoaji wa RNLI, shirika la uokoaji baharini huko Uingereza, huzivaa katika boti zao ndogo za mwendo, baadhi zikifika noti 35. Ukipata ya namna hiyo na kazi yako ni ya usiku au ya mawimbi makubwa, vaa wala usione haya. Kwa safari ya Mokowe na Lamu mchana, kamba na jaketi vinakutosha.

Hao wa mashindano uliowaona ni habari nyingine kabisa, na usiige nusu yake. Wao wamefungwa kwenye kiti kwa mikanda, ndani ya kibanda kigumu kilichozibwa, wana hewa ya kuvuta boti ikipinduka, na wamefunzwa kutoka wakiwa kichwa chini. Haikuwa hivyo tangu awali. Mwezi wa Oktoba 1990 Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia wa boti za baharini na mume wa Caroline binti wa mtawala wa Monaco, alikufa boti yake ilipopinduka karibu na Monaco akitetea ubingwa wake. Mwenzake alirushwa majini akaumia, lakini akapona. Baada ya hapo masharti ya mchezo yalikazwa. Basi njia ni mbili: ama umefungwa ndani ya gamba gumu linalokulinda, ama umekaa wazi, ukitupwa utupwe kweli na mashine izime. Kujifunga kamba kwenye kiti cha boti ya wazi kama yako, nimeona watu wakifanya, ni kuchukua ubaya wa pande zote mbili.

Macho nayo ni sehemu ya vifaa, ingawa hakuna anayeyataja. Katika mwendo huo upepo unakutoa machozi, na nahodha mwenye machozi haoni kamba ya wavu. Vaa miwani inayokumbatia uso, yenye uzi nyuma. Ile inayokata mng'aro wa maji inakuonyesha mwamba na fungu la mchanga vizuri sana, ila ukiinama kutazama skrini ya GPS unaweza kuikuta imekuwa nyeusi. Laza kichwa upande kidogo, utaiona. Kofia iwe na uzi pia. Nimeona mtu akiachia usukani kuidaka kofia ya shilingi mia tatu.

Nguo zisizobana ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Wavuvi wengi huendesha mashine bila kava la juu ili wafike kirahisi kwenye plagi, na lile gurudumu linalozunguka pale juu likishika ncha ya kikoi halikuulizi jina. Kava likae mahali pake, na kikoi kivaliwe ukifika nyumbani.

Magoti na kiuno: usimame magoti yamelegea, au uketi na miguu imekanyaga imara. Boti inapopanda wimbi na kuanguka, kishindo kinapita kwenye uti wa mgongo, na pingili za kiunoni huvunjika kweli. Aliye omoni huumia zaidi kuliko aliye karibu na tezi, yaani nyuma, kwa sababu omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Bibi wa miaka sabini usimkalishe mbele hata akisema anapenda upepo. Kwa mgongo wa abiria, jaketi halifanyi kitu. Anayeuokoa ni mkono wako ukipunguza moto.

Umeona jinsi nilivyofika kwa abiria. Kina mama wengi hukataa majaketi ya boti zetu, na watu husema ni ubishi. Hebu nusa jaketi lililokaa chini ya sakafu miezi sita: petroli, samaki, ukungu. Nani avae hilo juu ya buibui lake safi akienda harusini Faza? Yaoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, yaanike kivulini (jua linaoza kitambaa), yatundike juu. Utashangaa watakavyoyavaa. Jaketi huvaliwa juu ya buibui, si ndani yake, na ncha za shela ziingizwe chini ya mikanda. Watoto wapewe ya uzito wao, yenye mkanda unaopita mapajani, la sivyo mtoto atateleza atoke kwa chini na jaketi libaki linaelea peke yake. Na kama boti yako ina kanopi ya turubai, waambie mapema kwamba ikipinduka watoke kwa ubavuni. Jaketi litawasukuma juu, na juu wakati huo ni sakafu ya boti.

Wenzako wa jetini waache wacheke. Nimekaa na abiria miaka mingi, sijaona aliyeshuka kwa sababu nahodha amevaa jaketi, ila nimeona wanaolivua wakimwona nahodha hana. Wanamtazama yeye, hawalitazami tangazo. Ukimwambia mzee avae nawe kifua wazi, atakujibu, "Mbona wewe?" na hutakuwa na jibu.

Kwa klipu, ukienda au ukiagiza Mombasa, taja aina ya mashine na modeli iliyoandikwa ubavuni mwake, au peleka picha ya swichi. Ya kampuni hii haiingii kwenye swichi ya kampuni ile, na inayoingia kwa kulazimishwa itatoka usipotaka au itang'ang'ania unapotaka itoke. Nunua mbili. Mpaka zifike, boti na ikae jetini.